Kunde za mbegu ya mama

Leo mchana tumekula kunde za nyuma ya nyumba. Nilizipanda mwenyewe mwezi Machi, masika yalipoanza kuulowesha vizuri huu mchanga wetu wa Kibaha, mbegu mbili mbili kila shimo. Mbegu alinipa mama nilipokwenda Muheza mwishoni mwa mwaka: chupa ya maji iliyojaa kunde zilizochanganywa na majivu ya jikoni ili fukusi wasizitoboe, kizibo amekikaza hasa.

Aprili nzima nilishindana na nafsi yangu. Majani machanga ya kunde ni mboga tamu, na kila jioni nilitamani kuyachuma. Lakini mama alishanionya, "Ukichuma sana mboga, kunde hutavuna." Basi nikagawa: matuta mawili ya karibu na mlango tukala majani, mengine sikuyagusa. Vidukari walipoyavamia niliwapangusa kwa vidole, asubuhi kwa asubuhi, kabla ya kwenda kazini.

Ninazozipenda ni kunde mbichi, zile ambazo ganda limeanza kuwa manjano lakini punje bado laini, ukiibonyeza kwa ukucha inabonyea. Sokoni wanauza zaidi kavu. Na hali hiyo haikai, siku chache tu zimeshakauka. Jana jioni nilikaa barazani na binti yangu tukapukuchua beseni zima la maganda, tukapata bakuli mbili. Bakuli mbili tu, kwa miezi yote ile! Lakini nilikuwa nazichota kwa kiganja na kuzirudisha, nazichota tena.

Nimeziinjika bila magadi. Wengi hutia ili ziive upesi. Mimi naona yanaharibu ladha, yanapunguza na vitamini B1, na kunde mbichi haziyahitaji kabisa. Baada ya kama nusu saa zilikuwa laini. Nikatia tui la pili, kitunguu, bizari kidogo na pilipili moja nzima isiyopasuliwa. Tui zito likaja mwisho, moto mdogo, nakoroga kwa upawa lisikatike. Harufu ilipopanda ilikuwa ya jikoni kwa mama kabisa, nikajikuta nimesimama tu, upawa mkononi.

Nilisonga bada, ugali wa muhogo, kama tulivyokuwa tukila nyumbani. Binti yangu, ambaye kunde kavu huzisogeza pembeni ya sahani, leo ameongezewa mara mbili, kisha akauliza kama kesho zitakuwepo.

Jioni nikampigia mama. Baada ya shikamoo nikaanza kumsimulia mchuzi ulivyokuwa mzito, akanikatiza.

"Za mbegu umeacha?"

"Nimeacha, mama. Mashina sita, nimeyafunga vitambaa vyekundu mtu asiyachume."

"Haya, mwanangu. Zikauke humo humo shambani. Na majivu uanze kuweka."