Saburi ya Baba Neema

Mume wangu ana saburi. Mtaa mzima unalijua hilo, na mimi ndiye ninayeilipia.

Tunaongoza jumuiya ya kanisani pamoja: yeye mwenyekiti, mimi natunza daftari la michango. Mtu akichelewesha mchango wa msiba hanipigii mimi. Anampigia Baba Neema, tena jioni, saa ambayo anajua nipo jikoni. “Haina shida, utaleta mwezi ujao.” Basi mimi naonekana mkali kabla sijafungua mdomo.

Ndiyo maana siamini sana ule ushauri kwamba wanandoa walio kwenye uongozi, kila mmoja ajipime tabia zake peke yake. Ukijipima mwenyewe utaiona saburi yako, hutamwona anayebeba gharama yake.

Sisi tunatumia 2 Petro 1:5–7: imani, wema, maarifa, kiasi (yaani kujizuia), saburi, utauwa (yaani uchaji wa Mungu), upendano wa ndugu, upendo. Kila mmoja anaandika juu ya mwenzake, na ni marufuku kuandika sifa bila tukio. “Huna kiasi” haipiti. “Kwenye kikao cha kipaimara ulimkatiza mzee hajamaliza kusema” inapita, na hiyo niliandikiwa mimi. Utauwa tunauruka. Nani aupime wa mwenzake?

Baba Neema aliupenda mstari huo mpaka nilipomwonyesha mpangilio: Petro anataja kiasi kwanza, ndipo saburi inatiwa humo. Kumkubalia kila anayepiga simu hakumo.

Kwa hiyo tumebadilishana. Daftari analo yeye, simu za michango zinakuja kwangu. Siku hizi namsikia akiuliza, “Mwezi ujao tarehe ngapi?” Mimi kazi yangu ni kumsikiliza mtu mpaka mwisho, hata akianzia habari za mvua za masika.

Na hakuna jibu linalotoka kabla hatujazungumza wawili. Hilo tumejifunza kwa Prisila na Akila, wale washona mahema wa Matendo 18. Walipomsikia Apolo anafundisha huku hajaijua njia yote, walimchukua pembeni wakamweleza vizuri zaidi. Luka haandiki kwamba mmoja alimkaripia na mwingine akambembeleza.

Upendano wa ndugu bado hatujaugusa. Hapo itabidi tuwazungumzie mawifi zangu, na Baba Neema anasema tusubiri kwanza Krismasi ipite.