Ruta mpya nyumbani Ilazo: simu zimeunganishwa, intaneti hakuna

Nyumba tunayokaa Ilazo, hapa Dodoma, ni ndefu, kuta zake za tofali za saruji, na kisanduku cha faiba kinacholeta intaneti kimefungwa sebuleni. Chumba cha nyuma anakosomea binti yangu kilikuwa hakipati mtandao wa maana. Nikanunua ruta mjini, nikapitisha waya wa mtandao (Cat 6) kutoka kwenye kisanduku juu ya dari mpaka koridoni, nikaifunga hapo. Simu zikaishika mara moja, halafu zikaandika: "Imeunganishwa, hakuna intaneti."

"Baba, mbona mtandao umejaa lakini hakifunguki kitu?" binti akauliza.

Ameuliza jambo lenyewe hasa. Wi-Fi na intaneti ni vitu viwili. Alama ya Wi-Fi ikijaa, simu inakuambia tu kwamba inaipata ruta vizuri. Kama ruta nayo inapata njia ya kutoka nje, hiyo ni habari nyingine. Watu wengi wanakimbilia kuriseti kila kitu au kumpigia fundi kabla hawajajua tatizo liko upande upi, na wakiriseti wanafuta hata mipangilio iliyokuwa sawa.

Nilianzia kwenye kisanduku. Taa ya LOS ikiwa nyekundu maana yake mwanga wa faiba haufiki, na hapo hakuna ujanja, waite mafundi wa kampuni. Yangu haikuwa nyekundu. Nikarudi koridoni, nikachomoa waya kwenye ruta nikauchomeka kwenye laptopu. Kurasa zikafunguka bila shida. Hapo nikajua faiba ni nzima, na waya wa darini ni mzima. Kilichobaki ni ruta yenyewe.

Nikakagua tundu: waya ulikuwa kwenye WAN, tundu la kupokea intaneti, lile lililotengwa na mengine, mahali pake. Kabla ya kuchomoa laptopu nilikuwa nimefungua maelezo ya muunganisho na kuandika kwenye karatasi anwani ya lango, yaani namba ya kifaa ambacho data hupitia kwenda nje, 192.168.1.1. Nikachukua simu iliyokuwa kwenye ruta mpya, nikabonyeza jina la mtandao, nikashuka mpaka kwenye lango. 192.168.1.1. Ileile!

Anwani zinazoanza na 192.168 ni za matumizi ya ndani, kila kiwanda kina ruhusa ya kuziweka kwenye vifaa vyake, kwa hiyo kugongana ni rahisi mno. Ruta yangu ilikuwa inaona mtandao wenye namba zilezile mbele yake na nyuma yake, haijui data ya kwenda nje iipeleke wapi. Ruta nyingine hugundua na kujibadilisha zenyewe. Hii haikufanya hivyo.

Nikaingia kwenye mipangilio yake kupitia kivinjari, sehemu ya LAN (mtandao wa ndani), nikaandika 192.168.50.1, nikahifadhi. Ukurasa utaganda, usishtuke: ruta imeshahamia anwani mpya. Zima Wi-Fi ya simu uiwashe tena ipate namba mpya. Meseji za WhatsApp zilianza kumiminika nikiwa bado nimesimama koridoni.

Ipo njia fupi zaidi, kuiweka ruta kama aksesi pointi, yaani isambaze mtandao tu, ili kazi ya kugawa namba ifanywe na kisanduku peke yake. Kwa wengi ndiyo bora. Mimi nataka ruta ifunge mtandao wa watoto usiku, na kwenye yangu kipengele hicho hakifanyi kazi katika hali hiyo.

Siku hiyohiyo nilibadilisha paswedi ya kuingilia mipangilio, maana ile ya kiwandani imebandikwa chini ya ruta na kila mgeni anaweza kuisoma. WPS, njia ya kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe bila kuandika paswedi, nikaizima. Kwa masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz nikachagua chaneli 6, kwa kuwa majirani walikuwa wamejazana kwenye 1 na 11. Hizo tatu ndizo zisizoingiliana. Televisheni yetu ya zamani inaona 2.4 GHz tu. Laptopu ya binti niliiweka kwenye 5 GHz, ambayo ina kasi zaidi lakini inachoka haraka kwenye ukuta wa saruji. Kutoka koridoni hadi mezani kwake ni ukuta mmoja, inatosha.

Umeme ukikatika, kuipa ruta peke yake betri hakusaidii, kwa sababu kisanduku cha faiba nacho kinahitaji umeme. Nilitafuta UPS (betri za akiba) ndogo mbili, moja sebuleni na moja koridoni. Kabla ya kununua soma adapta ya kila kifaa: volti lazima zilingane kabisa, na ampea za UPS zisipungue zilizoandikwa. Kisanduku changu ni cha volti 12, ruta ni ya volti 9. Ningenunua zote mbili za volti 12 bila kusoma, moja ya hizo ingeiunguza ruta.