Natoa Hewa, Lakini Tumbo Linajaa

Mtoto amelala, acha niandike lililonikaa rohoni tangu nitoke wodini.

Nilijifungua kwa upasuaji, mtoto akatoka salama. Kesho yake tumbo likaanza kujaa. Kila aliyepita kitandani aliuliza: umeshatoa hewa? Nilikuwa natoa, kidogo kidogo, basi wakaridhika. Utumbo hulala baada ya upasuaji, na dawa kali za maumivu za jamii ya mofini huuchelewesha zaidi. Kwa wengi huamka wenyewe. Kula mapema, kutembea, hata kutafuna chingamu husaidia.

Wangu haukuamka. Kufikia jioni ngozi ya tumbo ilikuwa imekaza hadi inang'aa, mshono unavuta, na kila nikivuta pumzi naishia nusu. Usiku akaja muuguzi mmoja ambaye hakuuliza habari za hewa. Aliweka kiganja, akabonyeza taratibu upande wa kulia, chini, nikaruka. Akaenda moja kwa moja kumwita daktari. Dada yule namwombea kila siku.

Eksirei ilionyesha utumbo mpana umejaa hewa, na hakuna kilichouziba. Hali hii daktari Mwingereza William Heneage Ogilvie aliieleza mwaka 1948, na upasuaji wa uzazi ni moja ya mambo yanayoweza kuitangulia. Kinachotisha ni ule mwanzo wa utumbo mpana, upande wa kulia: ukipanuka kupita sentimita 12, hatari ya kupasuka huwa kubwa. Na mgonjwa anaweza kuendelea kutoa hewa muda wote huo! Hilo ndilo ninalotaka kila mzazi alijue.

Nilizuiwa kula, nikawekewa mrija puani na dripu yenye potasiamu, maana ilikuwa imeshuka. Kisha nikachomwa neostigimini, dawa ya kuamsha utumbo, huku mashine ikifuatilia moyo, kwa kuwa dawa hiyo huweza kupunguza mapigo. Haikuchukua muda tumbo likaanza kunguruma. Nililia kwa furaha.

Mama uliyetoka kujifungua, tumbo likizidi kukua, maumivu yakihamia kulia, ukitapika, homa ikapanda au moyo ukaenda mbio, sema. Ukiambiwa ni gesi tu, omba tumbo lishikwe. Mimi nimeshaomba nakala ya ripoti yangu, ili mimba ijayo daktari aione tangu kliniki ya kwanza.