Kimara Mwisho, kabla na baada ya bomoabomoa

Huku kwetu Kimara, Dar es Salaam, asubuhi inaanza kwa miguu. Watu wanashuka vilima vya Bonyokwa na King'ong'o, viatu vya ofisini vikiwa kwenye mfuko, kuwahi mwendokasi ya Kivukoni. Mabasi hayo yalianza Mei 2016. Zamani ilikuwa daladala tu, na wenye nguvu waliingilia dirishani (sisi wa khanga tulisubiri linalofuata). Mwaka 2017 ikaja bomoabomoa ya kupanua Barabara ya Morogoro: alama ya X nyekundu ukutani, kisha nyumba chini. Jirani yangu, fundi cherehani, akahamia Kibamba na mashine yake. Njia nane kuelekea Kibaha zimependeza, sikatai. Lakini kuvuka kwenda kununua mihogo ya kukaanga ng'ambo, siku hizi namtuma kijana.