Mgongo wa Bibi

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya wapendwa.

Alhamisi, baada ya Baraka ya Sakramenti Kuu, ibada ya kuabudu Ekaristi, mtoto mmoja wa mafundisho ya Komunyo ya kwanza alinishika mkono nje ya kanisa: "Mwalimu, ule wimbo padre akifukiza ubani maana yake nini?" Wimbo huo, Tantum Ergo, nimeuimba tangu nikiwa mtumishi wa altare. Nikamjibu, "Ni Kilatini." Kana kwamba nimemjibu.

Wapo kati yetu wanaosema Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulikifuta Kilatini. Haukukifuta. Hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963 ilizifungulia mlango lugha za watu, na hapohapo ikataka Kilatini kitunzwe, waamini waweze kuimba pamoja sehemu zao za Misa kwa lugha hiyo. (Kyrie, ile "Bwana, utuhurumie", jamani, ni Kigiriki.) Mimi sitamani kurudi kusomewa Injili nisiyoielewa. Paulo aliwauliza Wakorintho: asiyejua unachosema ataitikaje Amina? Swali hilo lilinilaza macho, maana kuhusu Tantum Ergo mimi ndiye huyo asiyejua.

Basi nikaitafuta maana. Ni beti mbili za mwisho za utenzi wa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, wa karne ya 13. Maneno "veneremur cernui" maana yake tuabudu tukiwa tumeinama. Nilipofika hapo nikaweka kitabu chini.

Kuna bibi yetu mmoja hapa Ndanda, mnamfahamu, yule anayekaa benchi la mbele upande wa akina mama. Nyumbani kwao walisema Kimwera. Hata Kiswahili alikuja kukijifunza. Kilatini hajui hata neno moja, ila wimbo anauimba wote bila karatasi, kama alivyofundishwa utotoni. Na kila tukifika "veneremur cernui" huinama mpaka kitenge kinagusa sakafu. Miaka yote nilidhani ni mgongo unamsumbua.

Sasa mimi. Jumapili katika Nasadiki, sala ya kukiri imani, tunasema kwa Kiswahili safi, "akapata mwili kwa uwezo wa Roho Mtakatifu". Hapo nasi tunatakiwa kuinama. Kila neno nalielewa, nami Jumapili iliyopita nilikuwa naangalia saa, nikiwaza korosho nilizoanika.

Ubeti huohuo una mstari mwingine: imani ijazilize pale milango ya fahamu inapopungukiwa. Tomaso alikuwa anasema juu ya macho yanayoona mkate tu katika Ekaristi. Nadhani hatakasirika nikiongeza na masikio ya bibi.

Alhamisi hii njooni mapema kidogo. Nitausoma kwa Kiswahili kwanza, mstari kwa mstari, kisha tuuimbe kama ulivyo. Yule mtoto nimemwambia akae karibu na bibi.