Duara lililotoka yai
Jamani leo toka asubuhi niko na laptopu naandaa grafu za wanafunzi kwa Matplotlib (zana ya Python ya kuchora grafu kwa kuandika kodi za kompyuta), nachora duara x² + y² = 25 linatoka yai! Nikadhani nimekosea hesabu, nikarudia mara tatu, namba ziko sawa kabisa. Kumbe shida ni mihimili, kizio kimoja cha x kilikuwa kirefu kuliko cha y maana programu inatanua mchoro ujaze nafasi iliyopo. Nikaongeza mstari mmoja tu, ax.set_aspect('equal'), yai likawa duara palepale, nilifurahi mno. Nikaichora na y = 2x pamoja na y = -x/2, sasa unaona kwa macho zinakatana kwa nyuzi 90, kabla ya hapo mwanafunzi angekukatalia na angekuwa na haki yake. Halafu mihimili yenyewe ilikuwa pembeni kwenye fremu wakati ubaoni tunaichora ikikatana kwenye sifuri, nayo nimeihamisha kwa set_position('zero'), fremu ya juu na ya kulia nikazifuta. Mwalimu anayetaka hiyo kodi aseme nimtumie, kesho kidato cha tatu wanaanza nayo.