Platini haifanyi kazi peke yake: tabaka la oksidi kwenye masega ya ekzosi

Watu huuliza masega ya ekzosi, yaani vifaa vya kusafisha moshi wa gari, yana gramu ngapi za platini, metali ya thamani inayochochea usafishaji huo. Swali zito zaidi ni platini hiyo imekalia nini.

Sega la kodieriti, aina ya kauri, lina vitundu vingi, mara nyingi 62 kwa kila sentimita ya mraba, lakini uso wake bado ni mdogo mno. Ndiyo maana hupakwa uji wa alumina ya gama (oksidi ya alumini yenye vinyweleo vingi), hukaushwa, kisha huchomwa kwa nyuzi 500 hivi. Gramu moja ya alumina hiyo ina uso wa mita za mraba 100 hadi 200, na chembe za platini za nanomita chache husambaa humo.

Adui mkubwa ni joto. Likizidi nyuzi 1,000, alumina huanza kugeuka aina ya alfa: vinyweleo huziba, platini huzikwa ndani. Asilimia chache za elementi ya lanthanamu huchelewesha hali hiyo. Platini nayo, penye oksijeni na nyuzi 800, hutoa mvuke wa oksidi, ikahama na kuwa madonge. Seria, oksidi ya metali ya seriamu iliyomo kwenye tabaka, huizuia kwa kuifunga kupitia oksijeni, tena huweka akiba ya oksijeni ya kutumika petroli inapozidi. Seria tupu, hata hivyo, huchoka mapema; ni lazima ichanganywe na zirkonia (oksidi ya zirkoniamu).

Plagi ikikosa kuwasha, petroli mbichi huungulia ndani ya sega na tabaka lote huharibika. Rekebisha plagi na koili kwanza, ndipo ufunge sega jipya.